Akilowa Itatuambia

Wazee wengi wanaoingia kwenye makao ya kulelea wazee nchini Australia huingia na shida wasiyopenda itajwe mbele za watu: mkojo unawaponyoka kabla hawajafika msalani. Kwa wengine hata haja kubwa. Kampuni za vifaa vya kielektroniki zimeleta nepi zenye vihisi, zinazotoa taarifa mzee akilowa, na makao kadhaa yamezinunua kwa nia njema. Kisa hiki ni cha nyumba moja iliyofanya hivyo. Nyumba yenyewe na watu wake nimewaunda, kutokana na mambo yanayojulikana vizuri na wanaofanya kazi hizo, wakiwemo Wakenya na Watanzania walioko Melbourne, Perth na Sydney. Nakisimulia kwa sababu kosa lililofanyika humo ni jepesi kufanyika, na likishafanyika halirudishiki.

Katika nyumba hiyo alikuwepo mzee wa miaka 84, aliyeendesha treni tangu ujana hadi alipostaafu. Kiharusi kilimwachia mguu wa kushoto mzito, lakini akishikwa mkono aliweza kutembea na fremu yake. Kibofu chake hakikuwa na kasoro kubwa. Tatizo lilikuwa njiani. Kutoka kitandani hadi chooni palikuwa na hatua chache tu, ila kwake yeye kuketi, kuvaa ndara, kusimama na kuzipiga hatua hizo kulichukua muda mrefu kuliko kibofu kilivyoweza kusubiri. Wauguzi wanaifahamu sana hali hii. Mtu wa namna hiyo akipata mkono wa kumshika kwa wakati, anabaki mkavu. Akiukosa analowa, kisha anaandikwa kwenye faili kwamba hawezi kujizuia.

Aliyempa mkono huo usiku alikuwa binti wa Tanga, anayesomea uuguzi mchana na kufanya zamu za usiku. Huko Australia wazee huitwa kwa majina yao ya kwanza, na ulimi wake ulimkatalia. Alimwita Babu, akamweleza maana yake, na mzee akalipenda jina hilo. Baada ya majuma machache binti alijua jambo ambalo halikuwa kwenye faili lolote. Babu akikaribia kutaka haja ndogo usingizini, vidole vya mkono wake wa kulia huanza kuvuta ukingo wa blanketi. Anaukunja, anaukunjua, anaukunja tena. Mara nyingi ilikuwa kwenye saa nane usiku. Binti akiiona ishara hiyo katika mzunguko wake, humgusa bega, humkalisha ukingoni mwa kitanda mpaka kizunguzungu kimtoke, humvalisha ndara zenye soli ya mpira, kisha wanakwenda. Akishamkalisha hutoka, huurudisha mlango ukabaki upenyo wa kupitisha mkono, akageuka na kumpa mgongo. Babu alirudi kitandani mkavu na kulala hadi alfajiri.

Sisemi kwamba kila kitu cha zamani katika nyumba ile kilikuwa chema. Kwa wazee wengine mzunguko wa usiku ulikuwa kero. Kila baada ya saa mbili mhudumu aliingia na tochi, akafunua shuka na kupenyeza vidole kwenye nepi kupima kama imelowa. Mama aliyelala fofofo aliamshwa bure akiwa mkavu. Mwingine, aliyelowa dakika tano baada ya mhudumu kutoka, alilalia mkojo hadi mzunguko uliofuata. Na mkojo ukikaa juu ya ngozi huzalisha amonia, ngozi ya mzee ambayo tayari ni nyembamba inaiva, inachubuka, na kinyesi kikichanganyika humo kidonda huja upesi zaidi. Kwa hiyo meneja aliposimama mbele ya wafanyakazi na kusema kifaa kipya kitawaacha waliokauka walale, na waliolowa wafikiwe mapema, hoja yake ilikuwa ya kweli.

Kifaa chenyewe kinafanya kazi hivi. Ndani ya nepi kuna mistari myembamba inayopitisha umeme, na kwa mbele hubandikwa kijisanduku kidogo. Mkojo ukiilowesha mistari hiyo, kijisanduku hukadiria kiasi chake na kutuma habari bila waya kwenye simu za wahudumu na kompyuta ya ofisi. Katika nyumba ile skrini ilionyesha rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Wafanyakazi wakaona wamezielewa, kumbe nusu tu. Walichukua kijani kuwa ni ukavu, na yenyewe ilimaanisha kwamba nepi bado ina nafasi. Nepi za usiku zimetengenezwa kubeba mkojo mwingi, hivyo mtu angeweza kukojoa, akalala ndani ya unyevu wake, na skrini ikaendelea kuwa kijani.

Kisha wakubwa wakagusa ratiba ya kazi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 makao ya wazee nchini Australia yanatakiwa kutoa wastani wa dakika 215 za huduma kwa kila mzee kwa siku, 44 kati yake zikiwa za muuguzi aliyesajiliwa. Nyumba ile haikupunguza hata dakika moja. Ilimchukua mhudumu mmoja kati ya watatu wa usiku ikampeleka zamu ya jioni, kwa maelezo kwamba mizunguko haihitajiki tena. Hesabu ya siku ikabaki ileile na sheria haikuvunjwa. Lakini usiku ukabaki na wahudumu wawili na muuguzi mmoja, kwa wazee zaidi ya hamsini. Waliopanga hivyo wenyewe usiku walikuwa majumbani kwao, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Usiku mmoja binti wa Tanga aliona blanketi likivutwa. Akampigia muuguzi wa zamu, mama wa makamo kutoka Voi.

"Dada, Babu wa chumba cha mwisho anataka kwenda."

"Simu inasemaje?"

"Bado kijani."

"Basi mwahi mama wa nyekundu kwanza, mdogo wangu. Mwenzako hatoki kule, kuna mtu anatapika."

"Dada, tukimwacha atalowa."

"Najua. Akilowa itatuambia."

Muuguzi yule hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na mikono miwili ya kugawa mahali panapohitaji minne, na mbele yake palikuwa na skrini inayompangia nani aanze. Lakini katika maneno yake ya mwisho unaona jinsi nyumba nzima ilivyobadili swali bila mtu yeyote kukaa kikao na kuamua. Zamani waliuliza kama mzee anataka kwenda. Sasa wakauliza kama nepi imejaa. Anayeuliza swali la kwanza anamtumikia mtu. Anayeuliza la pili, hata awe mpole namna gani, ameanza kuitumikia nepi.

Mchana mambo yalikuwa ya aibu zaidi. Simu ya mhudumu ililia wakati wa chakula, mhudumu akaja moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Babu, akainama kumnong'oneza. Haikuhitaji akili nyingi kwa waliokaa meza moja naye kuelewa. Mara ya pili wakaangalia sahani zao. Mtu aliyewahi kubeba roho za mamia ya abiria gizani sasa alitangazwa na mlio wa simu kwamba amejikojolea. Akatafuta njia ya kuunyamazisha mlio ule, na akaipata: akaacha kunywa.

Kwanza ilikuwa chai ya jioni, kisha ya asubuhi, kisha bilauri ya maji ya kumezea dawa ikawa inarudi imepungua kidogo tu. Wahudumu wa mchana waliandika "amekataa chai," siku baada ya siku, kila mmoja kwa mwandiko wake, na hakuna aliyesoma ya mwenzake. Ofisini habari zilikuwa njema. Taarifa ya mwezi ilionyesha kulowa kumepungua na nepi zinatumika chache. Chumba cha mwisho kilikuwa miongoni mwa vilivyofanya vizuri kuliko vyote, kwa sababu mzee wa humo alikuwa anakauka mwili.

Mwili wa mzee haustahimili hilo kwa muda mrefu. Mkojo ukawa mzito wenye rangi kali, na mkojo wa namna hiyo huweza kukikera kibofu kikataka kutoa hata kilicho kidogo. Choo kikawa kigumu, na utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu kutoka nyuma. Maji yakipungua mwilini akili ya mzee nayo huyumba. Babu akaanza kuchanganya usiku na mchana, akaulizia ratiba za treni zilizokwisha kuondolewa zamani. Usiku wa tukio lenyewe binti wa Tanga hakuwa zamu. Saa nane na dakika kama kumi hivi mzee aliamka, akahisi haja, akatafuta mkono uliozoea kuwepo, akaukosa. Akaamua kwenda mwenyewe, bila fremu.

Walimkuta sakafuni katikati ya kitanda na mlango wa choo, mfupa wa nyonga umevunjika. Nepi yake ilikuwa kavu. Kifaa hakikulia kwa sababu hapakuwa na kilichokitia unyevu, na skrini ilikuwa kijani muda wote alipokuwa amelala pale chini. Alifanyiwa upasuaji akarudi, lakini kama ilivyo kwa wazee wengi waliovunjika nyonga, hakutembea tena kama zamani. Choo alichokuwa akikifikia kwa kushikwa mkono hakukifikia tena.

Baadaye aliitwa muuguzi mtaalamu wa mambo ya haja. Aliomba kumbukumbu za kifaa tangu kilipofungwa, zikachapishwa karatasi kwa karatasi, akazitandaza mezani. Katika wiki za mwanzo, kabla mzee hajaacha kunywa, alama za chumba cha mwisho zilikuwa zimerundikana mahali pamoja, kati ya saa nane na saa nane na nusu usiku. Usiku baada ya usiku kifaa kilikuwa kimeandika saa ambayo Babu alihitaji mtu. Kumbukumbu zile zilikuwa zimefunguliwa mara nyingi, lakini na mtu wa stoo tu, kuhesabu nepi za kuagiza.

Mtaalamu akasoma zaidi. Sehemu kubwa ya mkojo wa mzee ilitoka kati ya usiku wa manane na alfajiri. Akauliza habari za miguu, akaambiwa ndiyo, ilikuwa ikivimba jioni. Maji yanayojikusanya miguuni mtu akiwa ameketi kutwa hurudi kwenye damu anapolala, na figo huyatoa usiku. Mzee wa namna hiyo hulazwa mchana kwa muda wa saa moja hivi, miguu imeinuliwa, na daktari huweza kuihamishia alasiri dawa ya kukojosha ili ifanye kazi kabla ya kulala. Ni mambo madogo, na yote yangeonekana kwenye karatasi zile siku kumi baada ya kifaa kufungwa. Kwa Babu yalichelewa. Kwa wenzake waliobaki, nyumba ilianza upya: kumbukumbu zikasomwa, kila mzee akapangiwa saa zake, mhudumu wa tatu akarudishwa usiku, na simu zikawekwa kwenye mtetemo.

Hicho ndicho kisa. Sasa tutazame yanayokizunguka, maana hayakuanzia kwenye vihisi. Mwezi Oktoba 2018 serikali ya Australia iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza ubora na usalama wa malezi ya wazee. Taarifa yake ya awali ya tarehe 31 Oktoba 2019 ilipewa jina la neno moja lenye maana ya kutelekezwa. Miongoni mwa iliyoyataja ni kwamba makao mengi hayakuwahimiza wazee kutumia choo, kwamba nepi zilitolewa kwa mgao, na kwamba wazee waliachwa wameketi au wamelala ndani ya mkojo na kinyesi. Nyumba yenye tabia hiyo ikinunua kihisi, inaitia tabia yake mashine, basi.

Wala teknolojia yenyewe haina hatia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong waliifuatilia katika makao ya wazee ikitumika kwa namna nyingine. Mzee alivaa vihisi kwa siku chache tu, mpangilio wake wa haja ukapatikana, ukatengenezwa mpango wa kumpeleka msalani kabla ya saa zake. Walikuta kwamba wazee walipelekwa chooni zaidi na mkojo ulioishia kwenye nepi ulipungua. Huko Japani kimeundwa kifaa kinachowekwa tumboni, kikapima kwa mawimbi ya sauti jinsi kibofu kinavyojaa, kikatoa taarifa kabla mtu hajakojoa. Tangu Aprili 2022 vifaa vya kutabiri haja vimeingizwa kwenye bima ya malezi ya wazee ya nchi hiyo. Na kabla ya vifaa vyote hivyo, tangu miaka ya 1980, John Schnelle na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mzee akiendewa kwa saa maalumu, akaulizwa kama anataka kwenda, akasaidiwa na kupongezwa, wengi hulowa mara chache zaidi. Waliweza hata kutambua katika siku tatu za mwanzo nani atafaidika na utaratibu huo.

Funzo la kwanza ni kwamba taarifa ya kulowa huja wakati stara imekwisha kuvunjika. Faida yake kubwa iko kwenye kesho: itumie kujua saa, na kesho uwe pale kabla ya saa hiyo. Nyumba inayosubiri mlio kila siku kwa mzee yuleyule, kwa saa ileile, haijaanza kukitumia kifaa chake.

La pili, kifaa kisilipiwe kwa mikono ya watu. Muuzaji akisema vihisi vitapunguza kazi, aulizwe ni kazi gani. Vikiondoa tochi za usiku, vema. Lakini muda uliookolewa hapo ni mali ya wazee, utumike kuwatembeza. Kwa mzee aliyeshikwa na haja, wastani wa siku hauna maana. Lililo na maana ni watu wangapi wako macho saa nane usiku.

La tatu, tuangalie kinachohesabiwa. Nyumba inayohesabu nepi itafurahia mzee anayekufa kiu. Hesabu ziwe za safari za chooni zilizofanikiwa, vikombe vilivyonywewa, ngozi iliyo nzima na usiku uliolalwa, zisomwe pamoja na mtu anayemjua mzee kwa sura.

La nne, mzee aulizwe. Avae kifaa kwa siku ngapi, nani ataziona habari zake, mlio usikike wapi. Sheria mpya ya malezi ya wazee ya Australia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2025, inamtambulia mzee haki ya heshima na faragha, na mlio wa simu kwenye meza ya chakula ni jambo la haki hizo kabisa. Akiwa amepoteza kumbukumbu waulizwe wanawe, na yeye mwenyewe atazamwe uso, maana aibu hudumu hata kwa aliyesahau jina la mtoto wake.

Naomba wanaofanya kazi hizi ughaibuni walichukue na hili. Binti wa Tanga aliijua ishara, mashine iliijua saa, na viwili hivyo havikukutana kwa sababu ishara haikuandikwa. Mkono unaovuta blanketi ni habari ya kitabibu. Iandikeni kwenye faili, kwa tarehe na saa, hata kama fomu haina mahali pake, muisome kwa sauti wakati wa kukabidhiana zamu. Mkionekana kwamba mnasumbua, endeleeni.

Nasi huku nyumbani, tunaowatunza wazazi wetu Temeke, Kisumu au Bujumbura, hatuhitaji kungoja kihisi. Chukua daftari. Kwa siku tatu, usiku na mchana, andika saa ambayo mzazi amekunywa na alichokunywa, saa aliyokwenda haja, na saa aliyolowa. Siku ya nne lisome. Saa zake zitajitokeza zenyewe. Ukiona analowa ghafla kuliko zamani, ana maumivu, au mkojo una damu, mpeleke hospitali, usiseme ni uzee. Vinginevyo mpe maji yake bila kumpimia, na robo saa kabla ya saa zake uwe pale na mkono wako. Na siku muuzaji wa vifaa atakapobisha hodi kwenye makao yetu ya wazee, kama Sebleni na Welezo kule Zanzibar, aulizwe kwanza: mlio huu ukisikika, nani anainuka? Asipokuwa na jibu lenye watu ndani yake, arudi na mzigo wake, na fedha zile ziajiri wahudumu.